Shemeji wa Kiwanda Kizima

Tulimwacha Kengele ndani ya stoo ya unga, mkono umezama nyuma ya magunia hadi begani, na nyuma yake sauti ya kiume imesema, "Rudisha ulipokitoa."

Hakurudisha. Kengele hakuumbwa kurudisha.

Aligeuka na kibegi alichokikuta kimefichwa nyuma ya magunia, amekikumbatia kifuani. Mlangoni alikuwa amesimama Dereva, yule wa gari la kusambazia mikate, kofia mkononi, jasho linamtiririka.

"Kumbe ni wewe," Kengele alisema.

"Punguza sauti."

"Nipunguze kwa sababu gani? Mimi sina ninachoficha."

Kwa wanaoanza na sisi leo: Kengele ni msimamizi wa meza ya kufungashia mikate. Sauti yake huvuka mashine ya kukandia, huvuka uwanja, humfikia mlinzi getini na kumwamsha. Jina hilo hakupewa na wazazi wake.

Akakifungua kibegi pale pale. Ndani mlikuwa na gauni moja, viatu vya mtoto wa kike, vyeti vya kuzaliwa vilivyoviringishwa kwenye mfuko wa mkate, na simu ndogo ya vitufe. Vyote ni vya Bi Harusi, binti mpole anayefanya kazi mwisho wa meza, na simu ile hakuna aliyewahi kuiona mkononi mwake.

"Mke wa mtu," alisema Kengele. "Mke wa mtu, tena ana mtoto. Na wewe una mke!"

"Mke wangu anajua."

"Anajua? Mnaishi maisha gani nyumba hiyo?"

Dereva alifungua kinywa ajibu, lakini viatu vya mtu vikasikika ukumbini. Akakichukua kibegi, akakisukuma nyuma ya magunia.

"Kengele, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alinong'ona. "Nakuomba kitu kimoja tu. Leo usimpigie mtu simu."

Akaondoka. Sasa, msomaji, kama kuna njia ya uhakika ya kumfanya Kengele apige simu, ni hiyo hiyo.

Maana alikuwepo mtu wa kupigiwa. Shemeji.

Bi Harusi aliitwa Bi Harusi kwa sababu mumewe alimleta kazini kila asubuhi, akamfungulia mlango wa gari, akamshika mkono hadi getini, ingawa binti yao alikuwa ameshaanza chekechea. Jioni alikuwa pale pale, anasubiri. Wanawake wa meza walikuwa wakimtazama na kumeza mate.

"Sisi wetu hata mlango wa kiwanda hawaujui," walisema. "Mwenzetu una bahati."

"Anapenda kujua nilipo," Bi Harusi alijibu siku moja, nao wakacheka wakidhani anaringa.

Na huyo mume hakuwa mchoyo. Alileta soda, alijua majina ya watoto wa kila mtu, alimsaidia mlinzi kurekebisha redio yake. Aliwaita wote dada na kaka, nao wakamwita Shemeji. Alikuwa amekitia kiwanda kizima mfukoni na hakuna aliyesikia akiingizwa.

Kengele yeye alikuwa na nafasi yake ya pekee. Shemeji alimvuta kando zamani kidogo, uso umejaa huzuni.

"Dada yangu, mwenzako ana tatizo la kuzimia. Hapendi watu wajue. Nakuomba uwe jicho langu. Akitoka nje, akizungumza sana na mtu, akipokea simu, nitumie ujumbe tu. Wewe ndiye ninayekuamini."

Nani asingevimba kichwa? Kengele alivimba. Akawa anatuma: amekwenda chooni, amekaa peke yake, leo alizungumza na Dereva. Kila mara Shemeji alijibu, "Mungu akubariki dada."

Basi pale stoo, mlango ulipofungwa tu, Kengele akatoa simu yake, akaandika.

"Shemeji njoo. Kuna jambo la mkeo siwezi kulisema kwenye simu."

Jibu halikuchelewa. "Ahsante dada yangu. Usimshtue. Nakuja."

Kengele akajifuta unga mikononi, akatoka akiwa na amani ya mtu aliyetenda haki. Alipopita mezani alimtupia Bi Harusi jicho kali. Bi Harusi alikuwa anafunga mifuko, kichwa chini, mikono ya sweta imevutwa hadi kwenye vidole ingawa joto la kiwanda lilikuwa la kuvua hata ngozi.

Kimya kimya kumbe ndizo zao, aliwaza Kengele.

Alibeba trei tupu akazipeleka upande wa oveni. Huko ndiko alikotawala Mzee Moto, aliyepika mikate tangu meno yake yakiwa kamili. Mstari mwekundu ulichorwa sakafuni, na mtu asiye na glavu za Mzee Moto hauvuki, hata awe mwenye kiwanda.

"Wanaume wema ndio wanaosalitiwa," Kengele alimwambia, maana siri mdomoni mwake huwasha.

"Sijui unachosema," alijibu Mzee Moto. "Ila niambie, yule binti wa kwako mkono umepona?"

"Mkono gani?"

"Nilimwona jana bombani ananawa. Ameungua tena. Kengele, mchunge. Tulishamwomba radhi mumewe, ataona tunamfanyia makusudi. Hapo mezani kwako mnaunguzana na nini?"

Kengele alicheka. "Mezani kwangu? Mzee, kwangu mkate unafika umepoa. Ukiufunga wa moto si unatoa jasho mfukoni na kuota ukungu? Anaungulia kwako huku."

"Kwangu hajawahi kukanyaga."

"Si anakuletea trei?"

"Trei unaleta wewe. Hata sasa umezishika."

Kengele alizitazama zile trei mikononi mwake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona.

Mnakumbuka siku ile? Shemeji aliingia kumchukua mkewe, akamshika kifundo cha mkono, akauinua juu mbele ya watu wote. "Jamani, oveni zenu zitanimalizia mke!" Wote wakacheka. Mzee Moto akaomba radhi kwa niaba ya oveni, akidhani msichana ameungua huko mezani kwa mkate wa moto. Kengele akaomba radhi kwa niaba ya meza, akidhani ameungua huko kwenye oveni. Mwenye kiwanda akanunua glavu. Kiwanda kizima kilimpigia magoti mtu yule, na yeye akasamehe.

Na mkewe alikuwa amesimama pale pale, mkono juu, anatazama sakafu.

"Mzee," Kengele aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikwenda mbali. "Hiyo alama ya jana ikoje?"

Mzee Moto alikunja mkono wa shati lake. Alikuwa na mistari mingi iliyonyooka, kazi ya kingo za trei. Kengele naye alikuwa nayo michache, ya enzi alizofanya kazi upande huo. Waliziita saa za mkononi, kwa utani.

"Si kama hizi," alisema Mzee Moto. "Ile ni pana. Halafu mbele ina ncha, kama ya..."

Pasi kila mtu anayo nyumbani.

Kengele alikumbuka simu yake. Ujumbe alikuwa ameshautuma kwa kidole chake mwenyewe, na maji yakimwagika hayazoleki. Alizitupa trei chini, zikapiga kelele kiwanda kizima, akakimbia.

Alimkuta Bi Harusi kwenye chumba cha kupozea mikate, katikati ya rafu, anavua aproni. Kibegi kilikuwa miguuni.

"Mdogo wangu, ngoja..."

Bi Harusi alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga rafu. "Umeshampigia?"

"Unajua?"

"Tangu mwanzo. Nikienda chooni hapa, nyumbani naulizwa nilifanya nini huko. Nikicheka na mtu hapa, nyumbani naulizwa kimenichekesha nini. Nilijiuliza ni nani. Halafu nikakuona unavyonitazama, na simu mkononi."

Kengele alitaka kulia, akaona hana haki ya kulia. "Alisema unazimia. Nilidhani nakulinda. Nisamehe..."

"Dada, pole yako nitaisikiliza siku nyingine. Umempigia leo?"

"Nimemwambia aje."

Bi Harusi alifumba macho. Hakupiga kelele, hakumtukana, na hilo lilimchoma Kengele kuliko tusi.

"Basi tumkamate!" Kengele alisema. "Akiingia tu, mimi na Mzee Moto na wote, tumwambie mbele ya watu..."

"Usithubutu! Shangazi yangu alimwambia mbele ya watu. Mume wangu akalia, akaomba msamaha, wazee wakampigia makofi. Usiku aliyelipa ni mimi. Ukimkabili, wewe utalala salama kwako."

Kengele alimeza maneno yake, na si kazi ndogo, maana yalikuwa mengi. Alikuwa na ushauri wa kila aina tayari mdomoni. Tangu aolewe, Bi Harusi alikuwa ameshapewa wote: vumilia, mwombee, usimjibu, mfikirie mtoto.

"Nakuamini," Kengele alisema mwishowe. "Niambie wewe. Nifanye nini?"

Bi Harusi alimtazama kwa wasiwasi, akitafuta mtego. Mlango ukafunguka, Dereva akachungulia.

"Mikate imepakiwa. Mke wangu anatusubiri." Alimwona Kengele, akasita mlangoni.

"Mke wake anafanya kazi kwenye nyumba wanakohifadhi wanawake na watoto wao," Bi Harusi alieleza haraka. "Kuna mshauri, kuna mwanasheria, na hakuna mume anayeijua ilipo. Tunampitia mwanangu chekechea, mitaa miwili tu, tunakwenda. Tumelipanga hili muda mrefu." Alitoa mfukoni simu yake kubwa, ile aliyonunuliwa na Shemeji mbele ya kiwanda kizima. "Hii ndiyo inayomwonyesha nilipo. Lazima ibaki hapa. Ifiche stoo. Na akija, mcheleweshe. Unaweza kusema uongo?"

"Naweza kusema chochote," alisema Kengele, "ila kunyamaza ndiyo sijui."

Kwa nukta moja Bi Harusi alikaribia kutabasamu. Kisha wakatoka, akajikunja kati ya makreti ndani ya gari la mikate, Dereva akamfunika kwa turubai.

Gari lilipokuwa linatoka, huku getini ikapaa sauti ya furaha. "Shemeji! Shemeji huyo!"

Aliingia kwa miguu kupitia mlango mdogo wa geti, kreti la soda begani. Gari la mikate likasimama kumpisha, ubavu kwa ubavu. Shemeji akampungia Dereva mkono. Dereva naye akapunga.

Likatoka. Kengele aliyekuwa akichungulia dirishani aliachia pumzi. Stoo hakuwa ameifikia. Aliitumbukiza ile simu mfuko wa aproni, akaenda kumpokea mgeni.

"Dada yangu!" Shemeji alitua kreti, watu wakalizunguka. Alimsogeza Kengele kando. Tabasamu lilikuwa pale, lakini macho yalikuwa yameshakimbilia mwisho wa meza na kurudi. "Jambo gani?"

"Ni kuungua kwake, Shemeji. Kumezidi. Nataka kumhamishia mbali na oveni."

Msomaji, huo ulikuwa mtego, na Kengele alimtazama mtu yule kwa makini kuliko alivyowahi kumtazama mtu.

"Afadhali umeona," Shemeji alisema bila hata kukohoa. "Jana alirudi analia. Trei ya juu, aliniambia, alipofungua mlango wa oveni. Nimempaka dawa mwenyewe."

Laini kama siagi. Kengele alijiuliza ni mara ngapi ameshapewa uongo wa aina hiyo akaupokea kwa mikono miwili na kusema ahsante.

"Pole yake," alisema.

"Yuko wapi?"

"Chooni."

"Hukuniandikia kwamba ametoka."

"Si nimekuita mwenyewe uje? Kunywa kwanza soda, Shemeji, umeleta za watu hata wewe hujaonja."

"Dada." Tabasamu bado. "Kwenye simu uliandika huwezi kulisema. Kuungua si jambo la kushindwa kusema."

Kengele alianza kujibu. Alizungumza juu ya mwenye kiwanda, juu ya mashine, juu ya glavu ambazo hazitoshi. Shemeji alimsikiliza, huku kidole gumba chake kikipapasa simu taratibu. Akaiweka sikioni.

Aproni ya Kengele ikaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa harusi, ule aliomwekea mkewe mwenyewe. Kila mtu mezani aliujua. Chupa za soda zilisimama nusu njia.

"Kumbe simu ya mke wangu siku hizi unaibeba wewe," alisema Shemeji polepole.

"Ameisahau."

"Na lile gari lililotoka sasa hivi?"

Kengele aliibana aproni kwa mikono miwili. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na ile simu iliendelea kuimba tumboni mwake.

Alitegemea ngumi. Alitegemea matusi. Shemeji aliikata simu, akairudisha mfukoni, akamwinamia sikioni kwa upole ule ule wa kila siku.

"Hatafika mbali. Uliponiandikia vile nilijua tu kuna kitu. Nikapitia chekechea kwanza. Mtoto yuko kwenye gari langu, hapo nje." Akamgusa bega. "Ahsante sana, dada. Bila wewe nisingewahi."

Akageuka, akatoka kuelekea uwanjani.

Kengele alimpigia Dereva huku anakimbia. Simu iliita, ikaita, haikupokelewa. Bi Harusi alikuwa amepita ubavuni mwa mwanawe mwenyewe akiwa chini ya turubai, na sasa alikuwa anagonga mlango wa chekechea akitafuta mtoto ambaye hayupo.

Kufika uwanjani, akasimama. Mtoto hakuwa garini.

Alikuwa kwenye benchi la mlinzi, ndani ya geti, miguu haigusi chini, anatafuna skonzi. Mlinzi alikuwa amemshika mkono huku anacheka.

"Shemeji, nisamehe, alikuwa analia joto huko garini. Nikamleta kivulini."

"Umefanya vizuri, kaka." Shemeji alinyoosha mkono. "Njoo kwa baba."

Mtoto aliacha kutafuna.

"Mlinzi!" Kengele alipiga ile sauti yake, yote, bila kubakiza. "Usimpe mtoto! Nasema usimpe!"

Milango ikafunguka. Mzee Moto alitoka na glavu zake, wanawake wa meza wakatoka na mifuko mikononi, kila mtu akauliza kuna nini. Mlinzi alimtazama Kengele, akamtazama rafiki yake wa redio, akacheka tena, safari hii bila raha.

"Kengele, huyu si baba yake?"

"Msimjali dada yangu, leo kachanganyikiwa," alisema Shemeji, akamshika mtoto mkono kumvuta. "Anaona haya tu."

Mtoto alijivuta nyuma. Mkono wa sweta la chekechea ukapanda hadi kwenye kiwiko.

Juu ya kifundo palikuwa na alama ya kuungua. Alama ilikuwa ndogo kuliko ya mama yake, na ilikuwa inaanza kupona. Ilikuwa pana, na mbele ilikuwa na ncha.

Mzee Moto aliitazama. Mlinzi akaitazama. Kisha, mmoja baada ya mwingine, kiwanda kizima kikageuza macho kwenye bomba la moshi la oveni, oveni waliyoiombea radhi, maana mtoto yule hakuwahi kuvuka geti lile hadi siku hiyo.

"Shemeji," mlinzi alisema. "Huyu naye aliungulia wapi?"

Kabla mtu hajajibu, nje ya geti ikalia honi. Ndefu, kisha ndefu tena. Kila mfanyakazi aliijua honi ya gari la mikate, na nyuma yake sauti ya mwanamke aliyemkosa mtoto chekechea ilikuwa inamwita mwanawe.

Mlinzi alikuwa na funguo za geti mkono mmoja, na mtoto mkono wa pili.

"Fungua," alisema Shemeji, akitabasamu bado. "Mke wangu amerudi mwenyewe."